Je, Programu Mpya Yaweza Kutibu Simu Isiyoshika Mtandao?

Kuna jibu moja ambalo karibu kila mwenye simujanja amewahi kupewa alipolalamika kwamba simu yake haishiki mtandao: "Sasisha programu." Hulitoa fundi wa mtaani, hulitoa kijana wa huduma kwa wateja, na hulitoa kampuni kubwa zilizoiunda simu yenyewe. Ni jibu jepesi. Halimgharimu chochote anayelitoa, na humwacha mlalamikaji akiwa na kazi ya kufanya badala ya haki ya kudai. Swali ninalotaka tulitafakari leo ni kama jibu hilo ni la kweli. Je, programu mpya yaweza kutibu tatizo la kunasa mawimbi? Na ikiwa yaweza wakati fulani na haiwezi wakati mwingine, ni nani mwenye wajibu wa kumweleza mnunuzi tofauti hiyo?

Huenda msomaji akaniuliza mwalimu wa elimu ya jamii anatafuta nini katika mambo ya wahandisi. Ninachotafuta ni uwajibikaji. Kila palipo na kitu kilichoharibika na mtu anayelalamika, pana pia mwenye mamlaka anayechagua namna ya kulijibu lalamiko hilo. Anaweza kukitengeneza kitu. Anaweza pia kukitengeneza kipimo kinachoonesha kwamba kitu kimeharibika. Kwa mbali matendo hayo mawili hufanana sana, na jamii isiyojua kuyatofautisha itatawaliwa kwa urahisi na wenye vipimo.

Tuanze na kisa kinachojulikana vizuri. Tarehe 24 Juni 2010 kampuni ya Apple ilianza kuuza simu yake ya iPhone 4 nchini Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Japani. Simu hiyo ilikuwa na ubunifu uliosifiwa: ukanda wa chuma kisichopata kutu uliozunguka kingo zake ndio uliokuwa fremu, na ndio uliokuwa antena. Ukanda huo uligawanywa kwa mianya midogo, mmoja wao ukiwa upande wa kushoto karibu na chini, mahali ambapo kiganja cha mtu anayeishika simu kwa mkono wa kushoto hutua bila yeye kufikiri. Katika siku za mwanzo tu wanunuzi wakagundua kwamba wakigusa mwanya ule, vile vijiti vya juu ya kioo vinavyoonesha nguvu ya mtandao hupungua kimoja baada ya kingine, na wakati mwingine mazungumzo hukatika.

Jibu la kwanza la kampuni lilikuwa kwamba kila simu hupoteza nguvu kidogo ikishikwa, na kwamba mteja aepuke kuishika namna ile au anunue kava. Jibu la pili, lililotolewa kwa barua ya wazi tarehe 2 Julai, ndilo linalotuhusu zaidi. Kampuni ilisema imeshangaa kubaini kwamba kanuni inayotumiwa na programu kukokotoa idadi ya vijiti ilikuwa na makosa makubwa, na kwamba kosa hilo lilikuwamo tangu simu yake ya kwanza ya mwaka 2007. Mara nyingi simu ilionesha vijiti viwili zaidi ya vile iliyostahili kuonesha. Kwa hiyo, walieleza, aliyeona vijiti vinaporomoka alikuwa mahali penye mtandao dhaifu tangu mwanzo, ila hakujua. Dawa ingekuwa programu mpya. Programu hiyo, toleo 4.0.1, ilitoka tarehe 15 Julai. Ilirekebisha kanuni ya vijiti. Aidha, kampuni ilikuwa imeahidi kuvirefusha kidogo vijiti vitatu vya mwanzo ili vionekane kwa urahisi zaidi.

Tulitazame tendo hili kwa haki, maana kuna ukweli ndani yake. Kipimo kilichosema uongo kilirekebishwa kikaanza kusema kweli, na hilo ni jambo jema. Mtu anayejua kwamba mtandao wake ni dhaifu ana hali bora kuliko anayedanganywa kwamba una nguvu. Lakini mlalamikaji hakuwa ameuliza kuhusu vijiti. Aliuliza kwa nini simu inakatika anapoishika. Baada ya programu mpya mkono ulikuwa uleule, mwanya ulikuwa uleule, na chuma kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni picha.

Wapimaji huru hawakuridhika na picha. Mwishoni mwa Juni tovuti ya AnandTech ilipima na kukuta kwamba simu ile ikishikwa kwa kawaida bila kava hupoteza takriban desibeli 20, na ikikamatwa kwa nguvu hupoteza takriban 24. Desibeli ni kipimo cha uwiano: kupoteza 10 ni kubakiwa na sehemu moja ya kumi ya nguvu, kupoteza 20 ni kubakiwa na sehemu moja ya mia, na kupoteza 24 ni kubakiwa na sehemu moja kati ya 250 hivi. Wapimaji haohao walitenda haki kwa kueleza pia kwamba katika mawimbi dhaifu simu hiyo iliweza kuendeleza mazungumzo vizuri kuliko ile iliyoitangulia. Tarehe 12 Julai jarida la walaji la Marekani, Consumer Reports, baada ya kuipima katika chumba kilichozibwa mawimbi ya nje, lilitangaza kwamba haliwezi kuwashauri wasomaji wake kuinunua, na likaeleza kwamba kipande cha utepe wa gundi kikibandikwa juu ya mwanya huondoa tatizo. Fikirini, wasomaji wangu: kampuni iliyokuwa na wahandisi wasiohesabika ilikuwa ikiandaa programu, na kumbe dawa ilikuwa utepe.

Tarehe 16 Julai, siku moja tu baada ya programu kutoka, Steve Jobs aliitisha mkutano na waandishi wa habari huko Cupertino. Alisema kwamba hakuna simu iliyokamilika, akaonesha simu za washindani wake zikipoteza vijiti mikononi, kisha akatangaza kwamba kila mnunuzi atapewa kava bure. Ofa hiyo ndiyo ungamo ninalotaka tulikumbuke. Kama programu ingekuwa imetibu ugonjwa, kava la nini? Kava lilifanya kazi kwa sababu liliweka kizuizi kati ya ngozi na chuma, na ugonjwa ulikuwa katika chuma. Baadaye, mwaka 2012, kesi ya pamoja ya wateja nchini Marekani ilimalizwa kwa makubaliano yaliyompa kila mhusika hiari ya dola 15 au kava. Nayo simu iliyofuata, iPhone 4S ya Oktoba 2011, ilikuja na antena zilizopangwa upya, simu ikiweza kuhama kutoka moja kwenda nyingine kadiri ya inavyoshikwa. Dawa kamili, basi, ilikuwa ni simu nyingine.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Ili simu yako iite, mambo matatu sharti yawepo na yafanye kazi pamoja. La kwanza ni mnara: uwepo, uwe karibu kiasi, uwe na umeme, na usiwe umelemewa na watu. La pili ni antena, kipande cha metali ambacho umbo na urefu wake huchaguliwa kulingana na urefu wa wimbi kinalopaswa kulinasa. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi, na la megahezi 2100 lina sentimita 14 hivi. Mwili wa mwanadamu umejaa maji yenye chumvi, hivyo hunyonya mawimbi na kupitisha umeme kiasi. Unapoigusa antena kwa ngozi unaiongezea kitu ambacho mbunifu hakukiweka, nayo huacha kusikiliza vizuri masafa iliyoundwa kuyasikiliza. La tatu ni programu, hasa ile inayoendesha modemu: ndiyo inayochagua mnara upi ufuatwe, inayoamua wakati wa kuhama kutoka mnara mmoja hadi mwingine, inayopanga nguvu ya kurusha mawimbi, na inayosahihisha makosa katika taarifa zilizopokewa.

Kutokana na mgawanyo huo jibu la swali letu huwa jepesi kueleweka. Programu hutibu maradhi ya programu. Na maradhi hayo yapo kweli. Sitaki msomaji aondoke hapa akidhani kila sasisho ni kiini macho. Mwaka 2008, simu ya iPhone 3G ilipokuwa ikikata mazungumzo na kushindwa kukaa katika mtandao wa kizazi cha tatu, kampuni ileile ilitoa mwezi Agosti programu 2.0.2 iliyokusudiwa kuboresha namna simu inavyowasiliana na mitandao hiyo. Hapo dawa ililenga mahali ambapo programu ina mamlaka. Mfano mwingine ni wa Ufaransa. Septemba 2023 mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia masafa, ANFR, iliipima iPhone 12 na kukuta kwamba ikiwa mkononi au mfukoni hutoa mionzi inayonyonywa na mwili kwa kiwango cha wati 5.74 kwa kilo, ilhali kikomo cha Ulaya ni wati 4. Mauzo yalisimamishwa. Apple haikukubaliana na vipimo hivyo, lakini ilitoa programu ya kupunguza nguvu ya kurusha kwa simu zilizoko Ufaransa, na jambo likaisha. Nguvu ya kurusha huamriwa na programu, kwa hiyo programu iliweza kuibadili.

Hata ile 4S inatufundisha jambo. Ndani yake programu ilisaidia kweli, kwa kuchagua antena iliyo huru na mkono. Lakini ilichagua kwa sababu wahandisi waliipa antena mbili za kuchagulia. Programu haiumbi kilichokosekana; hupanga vizuri au vibaya kile kilichopo. Haiwezi kurefusha chuma, haiwezi kuhamisha mwanya, na wala haiwezi kujenga mnara.

Hapa ndipo swali la wahandisi linapogeuka kuwa swali la jamii. Hasara ya desibeli 20 ni ileile kwa kila anayeishika simu, ila maumivu yake si yaleyale. Simu za kawaida husoma nguvu ya mawimbi kuanzia kiasi cha hasi 51, palipo na mtandao mkali, hadi hasi 113, ambapo mtandao unakaribia kutoweka. Chukua mtu anayekaa katikati ya jiji, mnara uko juu ya jengo la jirani, simu yake ikisoma hasi 60. Akipoteza 20 anabaki na hasi 80, na hatagundua kitu. Chukua sasa mwingine aliye kijijini, bondeni, simu ikisoma hasi 100. Akipoteza 20 hana simu tena. Ana kioo chenye saa. Kasoro ni moja, kiwanda ni kimoja, na bei pengine ni moja, lakini mmoja hakuumia na mwingine amekatwa na ulimwengu. Ndiyo maana ni rahisi sana kwa anayekaa karibu na mnara kumwambia mwenzake kwamba tatizo ni dogo. Hasemi uongo. Anasema ukweli wa mahali alipo.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wa peke yake. Wako watu wanaokijua kichuguu ambacho lazima wakipande, au mwembe ambao lazima waufikie, ili simu ishike mtandao. Wanapotegemea simu hiyo kutuma na kupokea fedha, kumwita bodaboda wa kumpeleka mjamzito zahanati, au kuuliza bei ya mahindi kabla ya kuuza, kuwaambia "sasisha programu" si ushauri mwepesi. Sasisho kubwa la simujanja mara nyingi huzidi gigabaiti moja. Mtu huyu anaambiwa atumie kifurushi alichokinunua kwa shida, kupitia mtandao usioshika, ili kutibu tatizo ambalo huenda liko katika mnara usiokuwapo. Mimi mwenyewe niliwahi kuipigia kampuni moja ya simu kuhusu kijiji ambacho mtandao wake ulikuwa umepotea kwa siku kadhaa. Nikashauriwa kuzima simu na kuiwasha. Kijiji kizima, bila shaka, kingezima na kuwasha kwa pamoja.

Dola yenyewe inajua kwamba dawa ya mahali pengine ni mnara. Ndiyo maana hapa Tanzania sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa kutambua kwamba kuna maeneo ambayo biashara peke yake haitayafikia na lazima ruzuku ipeleke huduma huko. Huo ni ukiri wa kisheria kwamba tatizo lina mahali pake. Kinachokosekana ni ukiri huohuo pale mwananchi mmoja mmoja anapopiga simu kulalamika.

Nimesema kwamba jamii isiyotofautisha kitu na kipimo hutawaliwa na wenye vipimo. Niruhusuni nitoe mfano usiokuwa wa simu, kwani mantiki yake ni ileile. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwaweka zaidi ya nusu ya watahiniwa katika daraja sifuri. Taifa lilishtuka. Tume iliundwa, matokeo yakafutwa, yakakokotolewa upya na kutangazwa tena Mei mwaka huohuo yakiwa na sura nzuri zaidi. Zilikuwapo hoja za msingi kwamba utaratibu wa kupanga alama ulibadilishwa bila maandalizi, na kama kanuni ilikuwa na kasoro ilistahili kusahihishwa, kama vile kanuni ya vijiti ilivyostahili. Lakini mtoto aliyelala na sifuri akaamka na daraja la nne hakuwa amejifunza hesabu usiku ule. Darasa lilikuwa lilelile, mwalimu ni mmoja kwa mamia, na maabara haina vifaa. Baadaye mwaka huohuo ikatangazwa nia ya kuliondoa daraja sifuri na kuweka daraja la tano. Wananchi wengi walilipinga hilo, na nadhani walilipinga kwa sababu waliona vijiti vinarefushwa.

Sisemi kwamba vipimo visirekebishwe. Ninasema kwamba urekebishaji wa kipimo uitwe kwa jina lake, na usitolewe kama jibu la swali jingine. Kampuni inayosema "tumegundua kwamba simu yetu ilikuwa ikikudanganya kuhusu nguvu ya mtandao, sasa itakuambia kweli, ama kuhusu antena, tutakupa kava leo na muundo mpya kesho" imesema kweli yote, na mteja atajua la kufanya. Inayosema sehemu ya kwanza tu na kunyamazia ya pili imetumia ukweli mdogo kuufunika mkubwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Katika kisa cha 2010 kilio kilichukua siku chache tu, kwa sababu walikuwapo wapimaji huru wenye vifaa, na wateja wenye sauti na mahakama. Katika nchi ambako hakuna anayepima, ugonjwa unaweza kufichika miaka mingi.

Basi tudai nini? Kwanza, anayetushauri kusasisha programu atuambie sasisho hilo linabadilisha nini hasa: modemu, au vijiti? Pili, mwenye simu ajifunze kumtafuta mgonjwa kabla ya kununua dawa. Ukiona simu zote za nyumbani hazishiki, kwa kampuni hiyohiyo ya mtandao, tazama mnara. Ukiona yako pekee haishiki, ijaribu bila kava na ikiwa na kava, mkononi na juu ya meza. Ikibadilika kwa mguso, ugonjwa uko katika antena na hakuna programu itakayouponya. Ukiona ilianza kusumbua mara tu baada ya sasisho, au inang'ang'ania mnara wa mbali ilhali wa karibu upo, hapo programu yaweza kuwa chanzo, na programu yaweza kuwa dawa. Tatu, mamlaka zetu za mawasiliano zipime zenyewe na zichapishe matokeo kwa lugha ambayo mnunuzi ataielewa, simu moja moja na wilaya kwa wilaya, kama walaji wa Marekani walivyolisoma jarida lao na kama ANFR ilivyowafanyia Wafaransa.

La tatu ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa mwananchi hawezi kulifanya peke yake. Mtu aliyesimama juu ya kichuguu akiwa na simu mkononi hana chumba cha kuzibia mawimbi wala mizani ya desibeli. Ana vijiti tu, na vijiti hivyo vimewekwa na aliyemuuzia simu. Mpaka atakapokuwapo mwingine wa kumpimia, ataendelea kuambiwa kwamba kosa liko kwenye programu yake, na ataendelea kulipia vifurushi vya kuitafuta dawa mahali ambapo ugonjwa haupo.